Dawa za Nguvu za Kiume: Usimfiche Daktari

Wahenga walinena: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Methali hiyo ndiyo mlango wa somo letu, kwa maana jambo tunalolifundisha hutajwa kwa minong'ono tu. Mwanamume anayeona nguvu zake za unyumba zimepungua huona haya kwenda kituo cha afya. Ni rahisi kwake kununua kidonge kwa mchuuzi wa sokoni au mwaloni, akakimeza kwa siri, hata mkewe asijue. Haya hiyo humnufaisha mwuzaji wa magendo, na siku ya dharura yaweza kumwua mnunuzi.

Dawa yenyewe na kazi yake

Sildenafili iliidhinishwa nchini Marekani tarehe 27 Machi 1998 kwa jina la Viagra. Watafiti walikuwa wameijaribu kwanza kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, ndipo wakagundua kwamba inausaidia uume kusimama. Baadaye zilifuata nyingine za jamii hiyo, kama tadalafili. Zote ni dawa za kuandikiwa na daktari.

Mwanamume anapopata ashiki, neva hutoa oksidi ya nitrojeni, nayo huilegeza mishipa ya damu ili damu ijae katika uume. Dawa hizi huzuia kimeng'enya ambacho huikatisha kazi hiyo. Kwa hiyo hazileti hamu pale isipokuwapo, hazizuii mimba, wala hazikingi UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa. Kijana mwenye afya hapati ziada yoyote ya maana kwa kuzimeza. Hujitwisha madhara bure.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote

Wagonjwa wa moyo hupewa dawa za jamii ya nitrati, mojawapo ikiwa ile ambayo kwenye paketi za Kifaransa huandikwa trinitrine. Nitrati nazo huilegeza mishipa ya damu. Zikikutana mwilini na sildenafili au tadalafili, shinikizo la damu huporomoka ghafla, na mtu aweza kuzimia au kufa.

Sasa tafakari hali hii. Mtu amemeza kidonge saa mbili za usiku. Saa sita kifua kinambana, na jamaa wanamkimbiza hospitali. Mwuguzi anauliza: "Umetumia dawa gani leo?" Mgonjwa, akiwaonea haya shemeji zake waliosimama kando, anajibu: "Hakuna." Dawa ambayo ingempunguzia maumivu yaweza kummaliza. Kanuni ya tiba ni kwamba nitrati haitolewi kabla ya saa 24 kupita tangu mgonjwa ameze sildenafili, na saa 48 kwa tadalafili. Daktari akijua, atachagua njia nyingine ya kumtibu. Asipojua, hana la kumkinga nalo. Ikiwa watu wamekuzunguka, omba kusema na mwuguzi faraghani. Siri ya mgonjwa ni amana kwake.

Vidonge vinavyovuka ziwa na mipaka

Tanganyika ni ziwa la nchi 4: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Rumonge imezoeana na Kigoma, Uvira, Baraka na Mpulungu kwa biashara ya halali iliyo neema kwetu sote. Lakini palipo na njia ya mzigo mwema, mbaya nao hutafuta kupita.

Mwezi wa Desemba 2018, mamlaka ya dawa ya Uganda ilithibitisha kwamba kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa Ndola, nchini Zambia, kilikuwa na sildenafili ndani yake. Uchunguzi ulianza baada ya mnywaji mmoja kulalamika kwamba alitokwa jasho mfululizo na uume wake ulisimama karibu saa 6. Aliyekinunua alidhani anakunywa soda. Kumbe alikuwa akinywa dawa asiyoijua, kwa kipimo asichokijua. Hila ya namna hiyo hufanywa pia katika baadhi ya unga na chupa zinazouzwa kwa jina la mitishamba. Mwenye ugonjwa wa moyo akinywa, hata akitaka kusema kweli hospitalini, hana la kusema.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni bandia au hafifu. Nazo dawa za nguvu za kiume huonekana mara kwa mara miongoni mwa zile zinazokamatwa katika Operesheni Pangea, ambayo INTERPOL imekuwa ikiiratibu tangu mwaka 2008.

Ugonjwa ulio nyuma ya ugonjwa

Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo ikianza kuziba, upungufu wa nguvu waweza kujitokeza miaka kabla ya moyo wenyewe kulalamika. Kisukari, presha, sigara, pombe nyingi na mawazo mazito ni miongoni mwa sababu zake. Anayenunua kidonge kwa siri huenda anainyamazisha kengele huku nyumba ikiungua. Anayekwenda kituo cha afya hupimwa presha na sukari, na huenda akaokolewa na kiharusi.

Mambo ya kushika

1. Mtaje daktari kila dawa unayotumia: ya moyo, ya presha, ya tezi dume, ya kifua kikuu, na hata ya UKIMWI. Ritonaviri, kwa mfano, huongeza sana nguvu ya sildenafili mwilini, hivyo kipimo lazima kipunguzwe. Usiache dawa yako yoyote kwa shauri lako mwenyewe.

2. Fuata kipimo ulichoandikiwa. Sildenafili humezwa saa moja hivi kabla ya tendo, wala si zaidi ya mara moja katika saa 24. Kidonge kisipofanya kazi, usiongeze cha pili; rudi kwa daktari.

3. Usichanganye na pombe nyingi, wala usimpe rafiki kidonge chako.

4. Kuumwa kichwa, uso kuwaka na pua kuziba ni madhara ya kawaida. Lakini uume ukisimama zaidi ya saa 4, macho au masikio yakipoteza nguvu ghafla, au kifua kikiuma, nenda hospitali hima.

5. Nunua katika duka la dawa lililoidhinishwa. Kikatae kidonge kisicho na paketi, kisicho na namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi, au kilichoanikwa juani. Hata hivyo, paketi nzuri si ushahidi wa kutosha: bandia nyingi hazitambuliki kwa macho.

Wito kwa wananchi

Askari hamtafuti mgonjwa. Anayetafutwa ni yule anayeingiza na kuuza sumu kwa jina la dawa. Ukipata madhara, tangulia kwa mwuguzi, na uende na paketi au chupa yenyewe. Kisha toa taarifa kwa kituo cha polisi kilicho karibu, ukieleza ulinunua wapi na lini. Usiitupe paketi ziwani, kwani huenda ndiyo ushahidi pekee wa kumfikia msambazaji kabla hajamfikia jirani yako.

Maswali ya kujadili katika vikundi

Ni nani katika familia yako ajuaye dawa zote unazotumia, endapo utafikishwa hospitali huwezi kusema?

Katika mwalo au soko lenu, ni vinywaji na unga gani unaosifiwa kuongeza nguvu bila kuonyesha umetengenezwa na nani?

Wazee, viongozi wa dini na wakuu wa vyama vya wavuvi wawezaje kulizungumza jambo hili kwa staha, ili kijana asijifunze kwa mchuuzi yale ambayo angeyapata kwa daktari?