Aliyepimwa kwanza si lazima ndiye aliyeleta

Mama mjamzito wa Munisagara, wilayani Kilosa, ameanza kliniki. Kama wajawazito wengine amepimwa VVU na kaswende, na jibu la VVU limekuja chanya. Mumewe yuko Mikumi, anapakia na kushusha mizigo ya malori ya barabara kuu ya Zambia, hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mfano huu nimeutunga, ila wakazi wa Kilosa hawatauona mgeni. Kinachomtoa jasho mama huyu ni swali moja: nikimwambia, si atanifukuza?

Kumwambia ni wajibu wake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, Namba 28 ya 2008, kifungu cha 21, inamtaka aliyepimwa akajua ana VVU amjulishe mwenza wake mara moja na achukue tahadhari asimwambukize. Wajibu huo unambana pia bwana aliyepimwa kimyakimya Mikumi na kuficha vidonge kwenye begi. Kuambukiza kwa makusudi ni jinai. Kifungu cha 47 kinatoa kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 10. Lakini makusudi hayo lazima yathibitishwe mahakamani. Kuwa wa kwanza kugundulika si kosa.

Hapo ndipo wanawake wengi wanapoonewa. Mke hupimwa kwa kuwa ana mimba, mume hubaki na hoja kwamba yeye ni mzima, mbona hata mafua hayampati. Kipimo huonyesha kwamba maambukizi yapo. Hakisemi nani kayaleta wala lini. Kikao cha ukoo kinachomtia mke hatiani kwa karatasi ya kliniki kinahukumu bila ushahidi. Mume naye apime. Akikutwa hana, ndoa haijafa: dawa za kufubaza virusi hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, na anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa.

Na majibu ni siri. Sheria hiyohiyo ya UKIMWI inaruhusu apewe mwenza, au mahakama. Mama mkwe hayumo, wala mwenyekiti wa kitongoji.

Sasa kufukuzwa. "Funga virago urudi kwenu" si talaka. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ndoa huvunjwa na mahakama, na kabla ya hapo shauri hupita baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata au la dini, litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ndipo mnakwenda mahakama ya mwanzo. Nyumba ya familia mume hawezi kuiuza bila ridhaa ya mkewe. Mali zikigawanywa, mama asikubali kuambiwa hakuchuma kitu: tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango. Kipigo nacho kimekatazwa na kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa. Kapige ripoti dawati la jinsia la polisi, uombe fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali.

Kwa wachumba: ukigundua baada ya harusi kwamba mwenzako alikuwa na ugonjwa wa zinaa unaoambukiza siku ile ya ndoa, nawe hukujua, unaweza kuomba ndoa ibatilishwe. Fungua shauri ndani ya mwaka 1 tangu siku ya ndoa, na usilale naye tena baada ya kujua.

Wakili huna? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao hailipiwi. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii wilayani.

Namna ya kumwambia mume nayo ina njia. Mama amuombe muuguzi awapime wote wawili siku moja na kuwasomea majibu wakiwa wamekaa pamoja. Akihofia kipigo, amweleze muuguzi mapema, kabla bwana hajaitwa.

Na kama hamkufunga ndoa, mmeishi tu pamoja miaka 2 au zaidi na majirani wanawajua kama mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawachukulia kuwa wanandoa hadi ithibitishwe vinginevyo. Majirani hao ndio mashahidi wako. Waandike majina mapema.