Mafunzo Niliyopata kwa Kwezi wa Isiolo

Napiga picha ndege katika hifadhi ya Buffalo Springs. Huko kwezi hana haya: atatua mezani adonoe makombo ya chapati huku ukimtazama.

1. Buluu yake haikupakwa. Tumbo lake la rangi ya kutu limetiwa rangi na melanini, jamii ya ile iliyo kwenye nywele zetu. Mgongo ni habari nyingine. Ndani ya unyoya mna chembe za melanini, bapa na zenye uwazi katikati, zimepangwa kwa matabaka. Mpangilio huo ndio unaorudisha buluu, mwanga wenye mawimbi ya takriban nanomita 450. Mwingi uliobaki humezwa. Mwanasayansi Robert Hooke aliandika mwaka 1665 kwamba unyoya wa tausi ukilowa, rangi zake hutoweka: dalili kwamba nazo hutokana na mpangilio.

2. Jua liwe nyuma yako. Likiwa nyuma ya ndege, utarudi nyumbani na picha ya ndege mweusi.

3. Wanafizikia nao huzungukazunguka kutafuta pembe, kama mpiga picha. Mwaka 1987, Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kivyake, walieleza vitu ambavyo leo huitwa kristali za fotoniki: maada iliyopangwa kwa kujirudia hata mawimbi fulani ya mwanga yakakosa njia. Pale mpakani, kati ya wimbi linalopita na lililozuiwa, mwanga hupunguza mwendo na kurundikana, kama matatu kwenye kizuizi cha polisi. Kwenye grafu ya wingi wa mawimbi kwa kila rangi ya mwanga, hapo hutokea kilele au pembe kali. Hiyo ndiyo singulariti. Mwanafizikia Léon Van Hove alieleza singulariti za aina hiyo mwaka 1953 kwa mitetemo ya kristali za kawaida. Ili kuzipiga picha, lenzi huongezwa kwenye hadubini, kila nukta ya picha ikawakilisha pembe ya mwanga badala ya mahali. Kisha rangi ya mwanga hubadilishwa hatua kwa hatua. Mimi hubadilisha pembe kwa miguu, nikikwepa miiba ya migunga.

4. Viumbe walitangulia. Mwaka 2005, Pete Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter walionyesha kwamba bawa la kipepeo Papilio nireus, wa Afrika, huelekeza mwanga kwa mbinu inayofanana na ya taa za LED za kisasa.

5. Unyoya wa jogoo unatosha. Chukua ule mweusi wa mkiani unaong'aa kijani, uinamishe huku na huku, kisha uuinue dhidi ya jua: kijani hakipo, umebaki hudhurungi. Manyoya ya kwezi yaache yalipoanguka; Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 hairuhusu kuyabeba bila kibali.