“Ile njo filme!”: Kutoa maoni ya sinema kwa Kiswahili cha Lubumbashi

Jumamosi moja ya kiangazi tuliketi watu sita katika ua wa nyumba moja hapa Lubumbashi, tukaangalia The Siege of Jadotville kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya kiti. Jadotville ni jina la kikoloni la Likasi, mji ulio umbali wa kilomita kama 120 kutoka hapa. Filamu hiyo ya mwaka 2016 inaeleza jinsi askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walivyozingirwa huko mwezi wa Septemba 1961 na jeshi la Katanga pamoja na mamluki wake. Filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini. Hilo hatukulijua tulipoanza, lakini hazikupita dakika kumi kabla ya mmoja wetu, ambaye mama yake ni mtu wa Likasi, kusimama.

“Ile haiko Likasi,” akasema. “Miye ninakatala.”

“Yaya, acha tuangalie kwanza.”

“Tuangalie nini? Puisque haiko Likasi!”

Tulibishana mpaka umeme ukakatika, kisha tukaendelea kubishana gizani. Mmoja aliwasifu waigizaji, mwingine akauliza mbona Wakatanga katika filamu hiyo hawana majina wala mama zao, wa tatu alikuwa bado anacheka kwa sababu ya mlima fulani. Yalikuwa maoni makali, na kila moja lilikuwa na sababu yake.

Wiki mbili baadaye, katika somo la Kiswahili, tulipewa zoezi: andika ukurasa mmoja kuhusu filamu uliyoiona hivi karibuni, utoe maoni yako, kwa Kiswahili sanifu. Watatu kati yetu tuliokuwa uani tunasoma somo hilo, na sote tuliandika kuhusu Jadotville. Karatasi zetu zilifanana kama mapacha: “Filamu hii ni nzuri sana na ina mafunzo mengi.” Hata ya yule aliyesimama. Nilipomuuliza, weye si ulikatala?, alinijibu sentensi ambayo imenikaa kichwani tangu siku ile: “Mu sanifu sijui namna ya kukatala.”

Makala hii ni jaribio la kumjibu.

Jibu la haraka, ambalo nimelisikia mara nyingi, ni kwamba mwanafunzi wetu hana msamiati. Silikubali. Mtu anayeweza kuandika “mafunzo” na “waigizaji” anayo maneno. Tatizo liko mahali pengine, na linaonekana ukichukua sentensi zilizosemwa uani, ukazipeleka polepole kwenye sanifu, ukitazama kinachoanguka njiani.

Anza na “njo”. Ndilo neno dogo lenye kazi kubwa kuliko yote tunapohukumu filamu. “Ile njo filme!” haina maana ya “ile ni filamu”, maana yake ni kwamba nyingine zote ulizoniletea wiki hii zilikuwa kupoteza muda. “Ule mutu njo aliharibisha filme yote” inamtenga mtu mmoja na kumbebesha kosa lote. Njo inatokana na umbo lile lile la sanifu, ndiyo, lakini kwetu imeganda. Haibadiliki kwa ngeli. Ukiijua mara moja, unaitumia kwa mtu, kitu, mahali na wakati.

Sasa peleka sentensi ya pili kwenye sanifu: “Yule mtu ndiye aliyeiharibu filamu nzima.” Hesabu maamuzi ambayo mwandishi lazima ayafanye. Ndi- ichukue -ye, kwa kuwa ni mtu. Kitenzi nacho kichukue -ye- ya urejeshi. Halafu -i- ya yambwa, ili kurejelea filamu. Na aache kile kiambishi cha -ish- ambacho mdomo wake umezoea. Mahali ambapo mdomoni palikuwa na neno moja lisilobadilika, kwenye karatasi pana mitego mitatu au minne, na kila mtego una alama zake. Mwanafunzi mwenye akili anafanya nini? Anazunguka. Anaandika “ni nzuri sana”, sentensi ambayo haiwezi kukosewa. Sarufi aliijua nusu, akaogopa nusu nyingine, na aliyelipa gharama ni lile oni lenyewe.

Kukanusha kunachekesha zaidi. Katika Kiswahili chetu “haiko” inafanya kazi ya “si”: haiko muzuri, haiko miye, haiko Likasi. Katika sanifu “haiko” inahusu mahali tu. Kwa hiyo “Ile haiko Likasi” ikisomwa na mtu wa Dodoma, itamaanisha kwamba filamu hiyo haipo katika mji wa Likasi, jambo ambalo, kwa bahati, ni kweli, maana kamera zilikuwa Afrika Kusini. Rafiki yangu hakukusudia hivyo. Alikusudia: hicho mnachonionyesha na kukiita Likasi, si Likasi. Sanifu inalo neno la kusema hivyo, “Hiyo si Likasi”, fupi na kali kuliko hata letu. Lakini sisi tumekutana na “si” katika mazoezi ya kukanusha, “huyu si mwalimu, huyu ni daktari”, na hatujawahi kuisikia kinywani mwa mtu aliyekasirika. Neno ambalo hujalisikia likikasirika huliamini.

Hapa nitoe lalamiko langu. Katika karatasi yangu nilijaribu kuanza kwa ujasiri: “Ile filamu ilinishinda.” Ilirudi na wino mwekundu juu ya maneno mawili ya kwanza, yamegeuzwa kuwa “filamu ile”, na maelezo pembeni kwamba kionyeshi hufuata nomino, na kwamba kukitanguliza ni tabia ya Lubumbashi. Si kweli. Kionyeshi hutangulia nomino katika sanifu pia, hasa pale kitu kinapokuwa kimekwisha kutajwa au kinajulikana na wote wawili, msemaji na msikilizaji. Soma riwaya yoyote ya Tanzania au ya Kenya, utakuta “yule mzee”, “ile nyumba”. Ukweli ni kwamba sisi tunakitumia mara nyingi zaidi, karibu kama “le” na “la” ya Kifaransa, na hiyo ni tofauti ya kiwango. Filamu ndiyo mfano mzuri wa kitu kinachojulikana na wote wawili, kwa sababu tumekaa mbele yake pamoja. Wino ule ulinifundisha kutoanza na “ile” tena, na bila “ile” sentensi yangu iligeuka tangazo: “Filamu hii...” Filamu ipi? Kana kwamba naiuza.

Kisha kuna Kifaransa. “Mais”, “donc”, “puisque”, “parce que”, “bon”. Vincent de Rooij, katika tasnifu yake ya mwaka 1996 kuhusu Kiswahili cha Shaba, alionyesha kwamba maneno haya si uchafu ulioingia kwa bahati mbaya. Ndiyo yanayoshikilia mazungumzo, na yanafanya kazi hiyo vizuri kwa sababu ni ya kigeni na yanasikika wazi katikati ya Kiswahili. Nikisikiliza mabishano ya uani, naona ana haki. “Puisque haiko Likasi!” Mantiki yote ya rafiki yangu imebebwa na puisque: sababu hii mnaijua, mmeiona kwa macho yenu, kwa nini tuendelee? Anapoandika sanifu anaambiwa aondoe Kifaransa, naye anakiondoa kweli, lakini haweki kitu mahali pake. Sentensi zinabaki zimepangwa kama matofali bila udongo. Filamu ni nzuri. Waigizaji ni wengi. Vita ni vibaya. “Maadamu” ingemfaa kabisa pale: maadamu hiyo si Likasi, tuangalie nini? Hajafundishwa “maadamu” kama chombo cha kubishana. Amelikuta katika orodha ya viunganishi.

Nimemtaja de Rooij, na hakuwa wa kwanza. Polomé aliandika kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, Schicho alitoa sintaksia yake mwaka 1982, na mwaka 2014 Ferrari, Kalunga na Mulumbwa walichapisha sarufi yenye matini na msamiati. Mtu anayesema kwamba lugha yetu haina kanuni hana kisingizio tena.

Lakini lazima niwe mwadilifu kuhusu “mafunzo mengi”. Mwanzoni niliidharau sentensi ile kama woga mtupu. Baadaye nilikumbuka jinsi wazee wetu wanavyoliongelea kundi la Mufwankolo, ambalo tamthilia zake za Kiswahili zilisikika redioni na kuonekana kwenye televisheni hapa kwa miaka mingi: “banafundishaka”. Kwao hiyo ndiyo sifa ya juu, na wanaisema wakicheka. Kwa hiyo kusema kwamba mchezo unafundisha ni hukumu halali ya mji huu. Kinachonisumbua ni kwamba katika sanifu imekuwa hukumu pekee. Labda ni kwa sababu sanifu ilitufikia kupitia darasa, kanisa na vitabu vya mafundisho, wakati Kiswahili kingine kilikua kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi na sokoni. Ukishika kalamu ya sanifu, mkono unaanza kuhubiri wenyewe.

Filamu iliyonifungua macho ni Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. Inamfuata Kabwita, kijana wa karibu na Kolwezi, anayekata mti, anachoma makaa, kisha anasukuma baiskeli iliyobeba magunia kwa safari ya kama kilomita 50 mpaka mjini. Anaongea Kiswahili cha Katanga, na walioko Ulaya walimfuata kwa kusoma tafsiri chini ya picha. Tazama jina. Kwetu “makala” ni yale ya jikoni. Katika sanifu, l ya kati ilipotea, yakawa “makaa”, kama vile “kukatala” yetu ni “kukataa” yao; na “makala” ya sanifu ni maandishi ya gazeti. Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa kuna filamu iitwayo Makala atadhani ni habari za mhariri fulani. Nami ninayoiandika sasa ni makala kuhusu Makala, na mama jirani, nilipomwambia, aliuliza kama ninauza kwa gunia au kwa ndoo.

Niliiangalia na mama huyo huyo. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Kabwita alipokuwa akipandisha baiskeli mlimani, alisema polepole: “Iyi haiko filme. Iyi ni baba yangu.” Hiyo, kwa maoni yangu, ni uhakiki kamili, na inapita kwenye sanifu bila kumwaga tone: “Hii si filamu. Huyu ni baba yangu.” Ila angalia: sanifu imelazimika kubadilisha “hii” kuwa “huyu”. Katika maneno ya mama, filamu na baba vilishika kionyeshi kimoja, na nusu ya maana ilikuwa hapo.

Nilirudi kwa rafiki yangu na mambo matatu tu: ndi-, “si” ya hasira, na “eti”. Hili la mwisho alilipenda kuliko yote. Sisi, tukisimulia filamu, tunaingiza maneno ya mwigizaji kwa “asema”: anafika, anamwambia asema, toka. Darasani tunafundishwa kuweka “kwamba” mahali pake, na sauti ya mtu inakufa. “Eti” inairudisha sauti, tena na dharau kidogo juu yake. Aliandika upya ukurasa wake jioni moja, uani pale pale. Mwanzo wake ni huu: “Eti ni Likasi! Mimi nimekulia kwa nyanya yangu Likasi, na ile milima si yetu. Aliyeichagua ndiye aliyeniondoa katika filamu kabla ya risasi ya kwanza.”

Makosa yapo mengine chini, sikuyagusa. Ila alikwama kwenye sentensi moja na tukakwama wote. Alitaka kusema “filme tulionakaka ku butoto”, zile za karate za utotoni, ambazo hakuna tena anayeziuliza zilikuwa nzuri au mbaya. Ile -ak- inabeba mazoea, umbali na mapenzi kwa pamoja. Watanzania wa bara wanayo ndugu yake, -ag- ya “anakujaga”, na wao pia wanaambiwa waifute. Tulijaribu “tulizokuwa tukiziona”, tukajaribu “tulizozoea kuziona”. Ya kwanza ni ndefu, ya pili ina uchovu ndani yake. Ameacha nafasi tupu kwenye karatasi, kwa penseli.