Somo la mwezi: Hasara ya koperative haifichiki



Katika masomo yaliyopita tulisema juu ya kukausha mpunga na kuutunza ndani ya depo. Leo tunasema juu ya kitu kingine kinachooza haraka: habari mbaya iliyofichwa.

Mambo niliyoona

Koperative moja, sitaitaja jina, ilipakia magunia 90 ya mpunga ndani ya balenyeri ili yaende kuuzwa Kisangani. Usiku kabla ya safari mvua kubwa ikanyesha. Bashi ilikuwa imepasuka, magunia 22 yakalowa. Kamati ikasema: "Tusiambie watu kwanza, watafanya fujo. Tutalipa na mavuno ijayo." Magunia 22 yakafichwa ndani ya depo. Mimi nilikuwa pale kama mshauri wa kilimo, na nilinyamaza.

Mpunga uliolowa unapaswa kutandazwa siku ileile. Ukilala ndani ya gunia, unapata moto, unaota kuvu ama unachipuka. Watu watatu wa kamati hawawezi kutandaza magunia 22. Wanachama wangeweza: wako na mikeka, bashi na mikono. Siku ya tatu harufu ikatoka ndani ya depo, na hatukuokoa hata gunia moja.

Siri nayo haikukaa. Wapakiaji walisema sokoni. Habari ilipofika vijijini, magunia 22 yalikuwa yamekuwa 60, na prezida "amekula feza". Kwenye mkutano mama mmoja akasimama: "Mvua si kosa yenu. Lakini mbona mulituacha tusikie ku soko?" Hakuna aliyejibu. Msimu uliofuata wengi waliuza kwa wachuuzi, kwa bei ya chini, kuliko kutuletea mpunga wao.

Kwa nini watu wanaogopa kimya

Wakubwa wetu wanakumbuka Bindo Promotion, kule Kinshasa. Iliahidi kuzidisha feza ya watu, lakini wa kwanza walilipwa na feza ya waliokuja nyuma. Ilipoanguka mwaka 1991, wengi walipoteza akiba yao. Mtu aliyepita pale, ama aliyesikia baba yake akisimulia, akiona kamati imenyamaza, anajua maana moja tu: feza imekwisha.

Hatua 5 za kamati

1. Sema siku ileile, hata kama hesabu haijakwisha.
2. Prezida aseme mwenyewe. Asitume kijana.
3. Toa hesabu kamili, kaye ikiwa wazi mbele ya watu. Usipunguze: ukisema 10 na kesho wakakuta 22, hawatakuamini tena.
4. Tenganisha mnachojua na msichojua bado.
5. Omba msaada, kisha taja siku ya kukutana tena. Siku ile, mkutane, hata kama hakuna jipya.

Mfano: "Magunia 22 yamelowa. Bashi ilikuwa mbovu, na sisi kamati hatukuiangalia. Hatujajua ni mangapi yatapona. Tunaomba kila nyumba ilete mkeka leo saa nane. Siku ya posho, asubuhi, tutawaonyesha hesabu."

Ndiyo, watu watakasirika. Lakini watakasirika mikeka ikiwa mikononi.

Sheria inasema nini

Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15/12/2010, inataka mkutano mkuu wa kawaida ufanyike katika miezi 6 baada ya kufunga hesabu ya mwaka. Hii ni haki yenu, muidai. Lakini hasara haingoji mkutano mkuu. Ikitokea, kamati iite wanachama mara moja.

Zoezi

Kwenye mkutano wenu ujao, jibuni pamoja: (a) Hasara ikitokea usiku huu, nani ataanza kutuambia? (b) Habari itawafikiaje wanachama wa ng'ambo ya mto? (c) Kuna hasara ya msimu uliopita ambayo haijasemwa?

Anzeni na swali (c).