SOMO LA UFUNDI: PRESHA YA OILI INAPOSHUKA KATIKATI YA MTO



Hapa Mvara hatuna mto wa kupitisha boti, na baadhi ya ndugu walicheka waliposikia somo la safari hii linahusu injini za boti. Lakini injini hizo zinafika kwetu. Zinapandishwa kwa lori kutoka Rhino Camp, Obongi na Laropi, zinashushwa mbele ya gereji, na mara nyingi zinapofika zimekwisha kunoki. Fundi akifungua sampu anakuta beringi zimelika hadi shaba inaonekana. Ndipo linakuja swali: nani alikuwa akiiendesha? Swali hilo likisha kuulizwa, mshahara wa mtu uko hatarini.

Kwa sababu hiyo somo hili tunamwandikia mwendesha injini kuliko fundi. Na ndugu anayelinda jenereta ya kiwanda, pampu ya shamba au kinu cha mahindi asifunge ukurasa. Injini ya dizeli ni ile ile, iwe juu ya maji au juu ya saruji. Kabla umeme wa maporomoko ya Nyagak haujafunguliwa mwaka 2012, Arua nzima iliishi kwa jenereta, na wengi wetu tulijifunza kazi hii huko.

Kwanza tuelewane presha ni nini. Pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu na kuisukuma kupitia filta hadi kwenye beringi za krenkishafti. Krenkishafti ikizunguka haigusi beringi. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Presha hutokea kwa sababu oili inabanwa ipite mahali pembamba, kama maji yanavyoruka mbali mtu akiziba mdomo wa mpira kwa kidole. Nafasi ikipanuka kwa kulika, au oili ikiwa nyepesi mno, presha hushuka hata kama pampu ni nzima kabisa. Ndugu wengi hukosea hapa. Sindano ikishuka wanalaumu pampu, nayo pampu ni ya mwisho kati ya vitu vya kushukiwa.

Injini nyingi za dizeli zikishapata moto na kuwa katika mwendo wa kazi huonyesha paundi 40 hadi 60 kwa inchi ya mraba, yaani karibu bar 3 hadi 4. Zikinguruma polepole bila mzigo hushuka hadi 20, pengine chini kidogo. Hata hivyo kila injini ina kitabu chake, na kitabu hicho ndicho hakimu. Asubuhi injini ikiwa baridi sindano hupanda juu sana. Hiyo ni oili nzito tu, si dalili ya afya. Ukitaka kuijua injini yako, soma geji saa ile ile, katika mwendo ule ule, kila siku.

Sasa, sindano imeshuka na wewe uko mtoni na abiria. Tunasema wazi: punguza mwendo, elekea ukingo ulio karibu, tia nanga, ndipo uzime. Usizime kwanza ukafikiri baadaye. Mto pale Laropi unakwenda Nimule, na mbele ya Nimule yanaanza maporomoko. Boti isiyo na injini haisimami, inasafiri. Ikiwa mkondo una nguvu na watu wako hatarini, endesha hata kama injini itakufa. Injini hununuliwa. Lakini ukisha kufika ukingoni, usikubali kumalizia safari eti kijiji kinaonekana. Dakika chache bila oili zinatosha kuiua krenkishafti. Nanga na makasia yawe ndani ya boti kabla ya kuondoka, wala si bandani.

Subiri kama dakika kumi oili ishuke, boti ikiwa imelala sawa, kisha chomoa kijiti cha oili. Boti iliyoinama humfanya mtu asome uongo. Oili ikiwa pungufu, tafuta inapotokea: sili, gasketi, mpira wa oili, au inaungua na moshi wa buluu unaonekana. Oili ikiwa imezidi kuliko ulivyoiacha, hilo ni baya zaidi, maana oili haizai. Inuse. Ikinuka dizeli, kuna nozeli au pampu ya dizeli inayovuja ndani. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Katika hali hizo mbili injini isiwashwe tena mpaka kosa lipatikane na oili ibadilishwe.

Kijiti kikiwa sawa, tazama joto. Mtoni kwetu mna magugu maji. Yakinaswa kwenye mlango wa maji ya kupoza, injini hupata moto kupita kiasi, oili huwa nyepesi kama maji, na presha huanguka. Fundi anaweza kufungua injini nzima akitafuta kosa ambalo lilikuwa ni jani. Safisha chujio la maji kila safari. Na uulize oili iliyomo ni ya namba gani, kwa sababu tumeona oili nyepesi ikitiwa kwa kuwa ilikuwa rahisi dukani.

Baada ya hapo pima geji yenyewe. Fungua swichi ya oili, funga geji ya mkono isiyotumia umeme, washa injini kwa muda mfupi tu. Sisi wenyewe tuliwahi kuhangaika na pampu siku mbili, kumbe waya wa swichi ulikuwa umeoza kwa maji. Tulicheka, lakini mwenye boti hakucheka.

Geji ya mkono ikithibitisha kuwa presha ni ndogo kweli, kata filta ya zamani, ufunue karatasi yake. Vumbi jeusi ni kawaida. Vipande vinavyong'aa ni beringi zinakwisha. Ikiwa hakuna, tazama chujio lililo ndani ya sampu, kisha vali ya kupunguza presha, ambayo uchafu mdogo huishika ikabaki wazi. Ndipo ije zamu ya pampu.

Wenye injini ndogo za kufunga nyuma ya mtumbwi, zile ambazo oili huchanganywa na petroli, hawana presha ya oili ya kupima. Kwao kosa liko katika kipimo cha kuchanganya, na hilo litakuwa somo jingine.

Limebaki jambo la kengele ya hatari. Tunaijua boti moja ambayo kengele yake ilikuwa ikilia kila mchana. Aliyesimamia kazi akaamuru waya ukatwe, kwa sababu inapiga kelele bure na abiria wanaogopa. Wiki tatu baadaye injini ilinoki, na mwendeshaji wa zamu ya mchana akaambiwa alipe kidogo kidogo kutoka mshahara wake. Alikuwa ametoa taarifa kwa mdomo. Hakuna aliyekumbuka.

Mwenzake wa zamu ya asubuhi alikuwa na daftari la shule la kurasa 32. Kila siku aliandika tarehe, saa, presha, joto, kiasi cha oili aliyoongeza, na jina la aliyemwarifu. Mara tatu aliandika kwamba kengele inalia mchana na presha iko chini ya 15, na siku ya kukatwa waya aliandika ni nani aliyeamuru. Kamati ya wafanyakazi ilikwenda na daftari hilo pamoja na filta ya zamani iliyokatwa, imejaa vipande vinavyong'aa. Waliomba pia usomwe Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa mwaka 1981, ambao kifungu chake cha 13 kinamlinda mfanyakazi anayeacha kazi anayoamini kwa sababu za haki kwamba ina hatari kubwa ya papo hapo. Mazungumzo yalichukua asubuhi mbili. Makato yalisimamishwa, yaliyokwisha katwa yakarudishwa, na waya wa kengele ukaungwa tena siku hiyo hiyo.

Daftari la namna hiyo tutalichora ubaoni Jumamosi chini ya mwembe. Kila ndugu aje na kalamu, na mwenye filta ya zamani ailete tuikate pamoja.