SOMO LA MGONGO: Maumivu ya Kiuno na Nyonga Bila Kisu

Wagonjwa wengi hufika hospitali wakishika kiuno, nao huogopa kupasuliwa. Msomaji mpendwa, usiogope. Maumivu mengi ya kiuno hupona bila kisu, na mara nyingi katika majuma 6 hivi.

Maumivu yatoka wapi?

Mtazame mama anayepanda vilima vya Butembo na kikapu cha mihogo mgongoni, mkanda ukishika paji la uso. Mtazame kijana anayesukuma chukudu, na mwenye pikipiki katika njia ya Beni. Nyama za kiuno chao huchoka na kukaza.

Tena, pale uti wa mgongo unapokutana na mifupa ya nyonga, kuna viungo viwili, kuume na kushoto. Mama akiwa na mimba, kano zinazofunga viungo hivyo hulegea ili mtoto apate njia. Kwa hiyo huumwa upande wa tako anapogeuka kitandani au kupanda kilima.

Ufanye nini?

1. Usilale kutwa. Tembea kidogo kidogo. Anayelala siku nyingi huzidi kukakamaa.

2. Weka kiunoni kitambaa chenye maji ya moto yasiyounguza, dakika 15.

3. Lala chali, kunja magoti, inua matako polepole, hesabu mpaka 5, kisha shusha. Fanya mara 10, asubuhi na jioni. Maumivu yakishuka mguuni, acha, umwulize muuguzi.

4. Gawanya mzigo katika safari mbili. Unapouinua, kunja magoti, uushike karibu na mwili. Nawe baba, mbebee mke wako mwenye mimba.

5. Mama mwenye mimba afunge kitenge kwenye nyonga, chini ya tumbo. Alale ubavu, na nguo iliyokunjwa katikati ya magoti.

6. Ibuprofeni husaidia kwa siku chache, baada ya chakula. Haifai kwa mwenye mimba, mwenye vidonda vya tumbo, wala mwenye ugonjwa wa figo.

Usikubali kuchanjwa mgongo kwa wembe. Chale haziponyi kiungo, nazo huingiza vijidudu.

Usikawie!

Nenda hospitali siku ile ile mkojo ukizuilika au ukitoka bila wewe kujua, sehemu za siri zikifa ganzi, au mguu ukipoteza nguvu. Hapo kisu chaweza kuokoa miguu yako.

Homa, jasho la usiku, kukonda, au kinundu katika uti wa mgongo: huenda ni kifua kikuu cha mifupa. Hata huo mara nyingi hupona kwa vidonge vya miezi mingi, navyo hutolewa bure. Lakini anayekaa nyumbani akidhani ni uchovu wa shamba, mifupa yake yaliwa, na miguu yaweza kupooza.

Maswali

1. Kwa nini haifai kulala kutwa?
2. Kitenge hufungwa wapi?
3. Ni dalili gani zinazokupeleka hospitali leo hii?