STESHENI YA JUU YA MLIMA

Juzi katika darasa letu hapa Morogoro Mjini mama mmoja alituuliza swali: "Reli ilifika hapa mwaka 1907. Mbona mpaka leo haijapanda Uluguru ikatuteremshia ndizi zetu?" Watu walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali hilo lina hesabu ndani yake.

Gurudumu la treni ni chuma, na reli ni chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Kwa hiyo mahali pa tambarare injini moja huvuta mzigo mkubwa sana, lakini mlima mkali huishinda. Reli ya TAZARA haipandi zaidi ya meta 2 katika kila meta 100 za mwendo. Basi shikeni kalamu. Mji wetu uko kiasi cha meta 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Bondwa kimepita meta 2,000. Tuseme treni ipande meta 1,500. Kwa kipimo hicho itataka kilometa 75 za reli, izunguke na kuzunguka tena. Mluguru mwenye mkungu wake kichwani atakuwa ameshafika sokoni.

Lakini pako mahali treni imepanda mlima kweli, na safari yenyewe inaanzia mkoani mwetu. Mlimba ni stesheni ya TAZARA katika bonde la Kilombero. Kutoka hapo mpaka Makambako, huko juu kwenye baridi, ni karibu kilometa 150. Kipande hiki ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1970, na kazi ya kutandika reli ikaisha 1975. Watanzania, Wazambia na Wachina walitoboa milima ili treni ipite ndani yake. Katika daraja la mto Mpanga, nguzo zina urefu wa karibu meta 50. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi za reli hii, na wenzetu Waafrika walikufa pia.

Abiria akifika Makambako hutafuta koti. Tena asidhani amemaliza kupanda! Reli huteremka hadi Chimala, kwenye bonde la Usangu, halafu hupanda mpaka Uyole, karibu na Mbeya, meta 1,789. Hapo ndipo juu kabisa katika kilometa zote 1,860 za TAZARA. (Jirani zetu wa Kenya wametupita: stesheni yao ya Timboroa iko juu ya meta 2,700.)

Watu hudhani kupanda ndiyo kazi. Kumbe hatari kubwa ni kushuka. Katika treni nyingi breki hufanya kazi kwa upepo. Injini husukuma upepo katika bomba linalopita chini ya mabehewa yote. Upepo ukipungua bombani, breki hukamata magurudumu. Lakini treni ikisimama mlimani muda mrefu, upepo unaoshikilia breki huweza kuvuja, na breki zikaachia. Ndiyo maana ziko breki za mkono, na ndiyo maana breki hukaguliwa kabla ya kuteremka.

Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, ikiwa imeshapita hapa kwetu, ilikuwa inapanda mlima kuelekea Igandu, mkoani Dodoma. Ikashindwa, ikarudi nyuma ikishuka bila kushikika, mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Kwa hiyo treni ikikaa stesheni na mtu wa reli anainama behewa baada ya behewa, msimpigie kelele kwamba anawachelewesha. Na watoto wakichezea mabomba yale, waondoeni mara moja.

MASWALI
1. Kwa nini gurudumu la chuma hushindwa mlima mkali?
2. Treni inapanda meta 2 kila meta 100. Ili ipande meta 300 itakwenda kilometa ngapi?
3. Upepo ukipungua katika bomba la breki, magurudumu hufanya nini?